GARI LIKILIA NYUMA, LIULIZE MASWALI

Najua wenzangu katika toleo hili wamekuandikia mashairi, vitendawili na insha za kusisimua. Mimi nimeamua kukupeleka gereji. Usicheke kwanza! Tafadhali nifuate mpaka mwisho, kwa maana iko siku utapanda gari linalolia, la baba, la shangazi ama la jirani, na hapo utanikumbuka.

Nataka kueleza jambo moja tu. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne likianza kutoa sauti ya ajabu upande wa nyuma, utajuaje kinacholia kabla hujatoa hata senti mfukoni? Na ukiniuliza jambo hili lahusu nini Chama cha Kiswahili, nitakujibu hivi: ugonjwa wa gari hutambuliwa kwanza kwa maneno, kisha ndipo spana hushikwa. Anayekosa maneno hupoteza pesa. Mimi nimeyaona haya kwa macho yangu.

NILIVYOINGIA KATIKA MAMBO HAYA

Mjomba wangu ana stesheni wagoni kuukuu. Hupakia kabichi, viazi na mitungi ya maziwa huku kwetu Kinangop, akateremka navyo hadi Naivasha. Wanaoijua Kinangop wanajua matope yake. Mvua ya Aprili ikishanyesha, gari la kusukumwa na magurudumu mawili hubaki hapo hapo likijichimbia kaburi. Ndiyo sababu watu wengi wa huku hupenda gari la magurudumu manne, au kama mafundi wetu wanavyoliita, gari la fowili. Nami nitalitumia jina hilo.

Likizo ya Agosti mwaka jana, gari hilo lilianza kulia upande wa nyuma. Mjomba akalipeleka gereji moja. Akaulizwa, "Mzee, shida iko wapi?" Akajibu, "Linapiga kelele huko nyuma." Basi, hakuongeza neno, na fundi naye hakuuliza lingine. Alilala chini, akachungulia, akainuka akijipangusa vumbi, akasema, "Hiyo ni difu, mzee. Imekwisha."

Mjomba akanunua difu kuukuu kwa shilingi 18,000, na kuifunga akalipa 3,000. Tulipokuwa tukirudi nyumbani, kabla hatujamaliza hata kona ya pili, kelele ikaanza tena, ile ile. Mjomba hakusema kitu. Aliendesha tu akiangalia mbele. Msomaji, pesa zile zilikuwa karo yangu ya muhula wa tatu. Shule zilipofunguliwa, mimi nilikaa nyumbani majuma mawili.

Katika majuma hayo nilikuwa nikishinda karibu na soko, kwenye kibanda cha mzee mmoja fundi, ambaye alimsaidia mjomba baadaye. Haya niandikayo mengi nimeyapata kwake, mengine nimeyasoma katika vitabu vyake vya ufundi vilivyojaa oili, na mengine nimeyapima kwa Hesabu na Fizikia tunazofundishwa hapa shuleni.

GARI LA FOWILI LIMEUNDWAJE?

Kabla ya kumtafuta mwizi, ni lazima ujue nyumba ina vyumba vingapi. Katika gari la fowili nguvu hutoka kwa injini, zikapita kwenye giaboksi, kisha zikagawanywa. Sehemu moja huenda mbele. Sehemu nyingine huenda nyuma kupitia chuma kirefu kinachozunguka chini ya gari, kiitwacho propela. Propela huingia katika difu ya nyuma. Kutoka kwa difu hutoka ekseli mbili, moja kulia na moja kushoto, na kila ekseli huzungusha habu ya gurudumu lake. Habu nayo hukaa juu ya beringi, yaani pete mbili za chuma zenye gololi ama vigogo vidogo katikati, ili gurudumu lizunguke bila kusuguana sana na chuma kingine.

Difu hufanya kazi gani? Chukua mfano wa wanafunzi wanaocheza gwaride. Wakipinda kona, yule wa ndani hupiga hatua fupi na yule wa nje hupiga hatua ndefu, la sivyo mstari utavunjika. Magurudumu nayo ni hivyo hivyo. Gari likipinda, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Difu ndiyo huruhusu moja lizunguke haraka na jingine polepole, huku yote mawili yakisukumwa.

Sasa gari la fowili lina shida moja zaidi. Kwenye kona, magurudumu ya mbele nayo husafiri mbali kuliko ya nyuma. Kwa hiyo magari mengi ya namna hii huwekewa difu ya tatu katikati, ama kifaa chenye sahani nyingi nyembamba zilizozama katika mafuta mazito ya silikoni. Kifaa hicho huruhusu mbele na nyuma zitofautiane kidogo, lakini tofauti ikizidi, mafuta hupata joto na sahani hushikana. Yako pia magari, kama pikapu nyingi za kazi, ambayo hayana kitu katikati. Hayo dereva huyatia fowili kwa mkono wakati wa matope, na hayafai kuendeshwa kwa fowili juu ya lami kavu.

Magari haya si mageni. Kampuni ya Subaru ya Japani ilianza kuuza stesheni wagoni ya namna hii mwaka 1972, na Audi ya Ujerumani ikaleta Quattro mwaka 1980. Katika Safari Rally yetu, Hannu Mikkola alishinda mwaka 1987 kwa Audi 200 Quattro, na Mkenya Ian Duncan akashinda mwaka 1994 kwa Toyota Celica ya magurudumu manne. Tangu hapo watu wetu wakajua kwamba matope yana dawa. Lakini kila dawa ina uchungu wake. Gari la fowili lina vyuma vingi vinavyozunguka huko nyuma, na kila chuma kinachozunguka iko siku kitalia.

KWA NINI SIKIO HUDANGANYA

Huenda ukasema, "Mbona ni rahisi? Si usikilize tu inakolia?" La hasha. Sauti hupenya katika chuma haraka kuliko hewani. Beringi ya gurudumu la kushoto ikilia, mlio hupanda kwenye mwili wa gari na kuenea kote. Buti ya stesheni wagoni nayo ni kama ngoma: ni kubwa, ni tupu, na bati zake ni nyembamba. Ikipokea mlio mdogo huukuza, na wewe uliyekaa mbele utaapa kwamba nyuma yote imeoza.

Kwa hiyo huko nyuma kuna washukiwa wengi: tairi, nati za gurudumu, beringi, breki, ekseli, propela, difu, shokomzoba na bushi zake, na hata bomba la moshi lililolegea. Ukimkamata wa kwanza unayemwona, kama alivyofanya yule fundi wa kwanza, utamfunga asiye na hatia na mwizi aendelee kuiba.

MASWALI MANNE

Mzee fundi hakulala chini ya gari siku ile ya kwanza. Alivuta kigoda, akamkaribisha mjomba, akaanza kuuliza kama daktari.

La kwanza: Inalia vipi? Mjomba akasema, "Inalia vibaya." Mzee akacheka. "Vibaya ni vipi? Inanguruma? Inakwaruza? Inagonga?" Mjomba akakwama. Ndipo mzee akanigeukia. "Wewe binti, hukaa wapi garini?" Nikajibu, "Nyuma, mzee, karibu na mitungi." "Basi wewe ndiwe shahidi. Lilie kama linavyolia." Niliona haya, lakini nikalia: "Vuuuuuu, kama nyuki ndani ya mtungi." Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Sasa tumeanza kazi."

Wenzangu, mnakumbuka somo la tanakali za sauti? Wengi wetu hulichukulia kuwa ni la kupatia alama mbili tu kwenye mtihani. Siku ile nililiona likifanya kazi.

La pili: Inalia lini? Huongezeka gari likienda kasi, ama injini ikivuma? Haya ni mambo mawili tofauti. Ili kuyatenganisha, dereva hutafuta barabara tambarare isiyo na magari, akafika kilomita 60 kwa saa, kisha akakanyaga klachi kidogo ama akaachilia mafuta. Injini itanyamaza, lakini magurudumu yataendelea kuzunguka. Sauti ikibaki vile vile, injini haina hatia. Kinacholia ni kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu.

La tatu: Hubadilika ukifanya nini? Ukikanyaga breki? Ukipinda kulia? Ukipinda kushoto? Ukitoka kwenye lami ukaingia murramu? Ukipakia mzigo?

La nne: Ilianza lini, na kabla yake kulifanyika nini? Tairi zilibadilishwa? Gari liligonga shimo? Lilivuka mto maji yakafika kwenye habu? Mara nyingi jibu la swali hili la mwisho ndilo humfichua mwizi, ila watu hulisahau.

KILA SAUTI NA MWENYEWE

Baada ya maswali, sasa unaweza kulinganisha sauti na mshukiwa wake. Nimezipanga tano.

1. "Vuuuuu." Huu ni mngurumo unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa gari. Washukiwa ni wawili, tairi ama beringi, nao hufanana kama mapacha. Watenganishe hivi. Kwanza, badilisha barabara. Mngurumo wa tairi hubadilika ukitoka lami laini kwenda lami ya kokoto, lakini wa beringi hubaki ule ule. Pili, pitisha kiganja juu ya tairi likiwa limesimama, mbele na nyuma. Ukihisi meno kama ya msumeno, au mabonde mabonde, tairi hilo limeliwa vibaya, na huenda shokomzoba imekufa ama magurudumu hayakupangwa sawa. Tatu, hamisha tairi za nyuma ziende mbele. Kelele ikihamia mbele, umeshampata.

Kama ni beringi, kona itakwambia. Gari likipinda kulia, uzito hulalia magurudumu ya kushoto. Likipinda kushoto, uzito hulalia ya kulia. Wewe uliyewahi kusimama ndani ya matatu unajua: kona ya kulia hukutupa kushoto. Beringi mbovu hulia zaidi ikilaliwa na uzito. Kwa hiyo sauti ikizidi kwenye kona ya kulia na kupungua kwenye kona ya kushoto, tafuta beringi ya kushoto kwanza.

2. "Wiiiii." Huu ni mlio mwembamba, kama wa mbu, ambao hubadilika mguu ukikanyaga au kuachilia mafuta. Gari likivutwa na injini unalia namna moja, likiachiliwa unalia namna nyingine ama unanyamaza. Huyu mara nyingi ni difu, kwa kuwa meno yake hugusana upande mmoja yakisukuma na upande wa pili yakisukumwa. Angalia oili yake kabla ya kuihukumu. Na hapa mzee alinifundisha jambo la akili: fungua kwanza nati ya kujazia oili, ndipo ufungue ile ya kumwagia. Ukimwaga kwanza, halafu ya kujazia ikakataa kufunguka, utarudishaje oili? Oili ikitoka na vipande vya chuma vinavyometameta, difu inaumwa kweli. Ikiwa ni oili iliyopungua tu, tafuta inakovujia, iongeze, na huenda umeokoa maelfu.

3. "Kwaruu, kwaruu," ama "kiii." Huyu ni wa upande wa breki. Padi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi kikwaruze diski padi zikikaribia kwisha, ili dereva aonywe. Anayefungulia redio ili asisikie onyo hilo anajidanganya mwenyewe. Lakini kwetu huku kwenye murramu kuna mshukiwa mwingine: kijiwe kidogo kilichoingia kati ya diski na bati linaloikinga vumbi. Kelele yake hutisha sana, utadhani gari linasagika, na dawa yake ni kukitoa tu au kulirudisha bati lililopinda. Gurudumu moja likiwa na joto kupita mwenzake baada ya safari, huenda hendibreki imekwama. Usiliguse! Sogeza kiganja karibu tu, utahisi.

4. "Ko! Ko! Ko!" Huku ni kugonga. Kukigonga polepole gari likianza kwenda, na tairi lilibadilishwa jana ama juzi, simama mara moja ukaze nati za gurudumu. Usiseme utakaza ukifika. Kama kunagonga mara moja tu, "ko!", dereva anapotia gea ya mbele au ya nyuma, shuku krosi za propela, ama bushi zinazoshika difu. Kukigonga kwenye mashimo tu, shuku shokomzoba na bushi zake. Nako kukilia "ta-ta-ta-ta" kwa haraka gari likivuta kwenye kona, chungulia mpira unaofunika jointi ya ekseli. Ukiwa umepasuka na grisi imerukia huku na huku, mchanga umeingia na jointi inajitafuna.

5. Kurukaruka kwenye kona kali. Hii ndiyo sauti ya fowili yenyewe. Ukizungusha usukani mpaka mwisho, kama mtu anayeegesha gari sokoni, gari hukataa kama punda aliyefungwa breki, likaenda kwa kurukaruka huku tairi zikilia. Mbele na nyuma zinataka kuzunguka kwa kasi tofauti lakini kitu cha katikati kimeshikana. Yaweza kuwa kifaa cha katikati kimeharibika. Lakini yaweza pia kuwa ni tairi tu. Na hapa, msomaji, tutoe daftari la Hesabu.

HESABU YA TAIRI

Chukua tairi lenye kipenyo cha sentimita 60 likiwa jipya, na meno ya milimita 8. Mzingo wake ni pai mara 60, yaani kama sentimita 188.5. Katika kilomita moja litazunguka mara 530 na ushei.

Sasa chukua tairi la aina hiyo hiyo lililobaki na meno ya milimita 2. Limepungua milimita 6 kila upande, kwa hiyo kipenyo ni sentimita 58.8, na mzingo ni kama sentimita 184.7. Katika kilomita moja litazunguka mara 541. Tofauti ni karibu mizunguko 11.

Utasema mizunguko 11 ni kitu gani? Mtu akifunga tairi mpya mbili nyuma na kuacha zilizokwisha mbele, kisha akasafiri kilomita 50, magurudumu ya mbele yatakuwa yamezunguka mara 540 hivi zaidi ya yale ya nyuma. Gari la magurudumu mawili halitajali. Lakini katika fowili tofauti hiyo yote huishia kwenye kile kifaa cha katikati, ambacho hupata joto na kuchakaa bure, hata barabara ikiwa imenyooka. Ndiyo maana gari hili hutakiwa tairi nne za ukubwa mmoja, zilizoliwa karibu sawa, na zenye upepo sawa. Anayenunua mbili ili aokoe pesa huenda akalipia kifaa cha katikati. Rahisi ghali, walisema wahenga.

HATARI YA JEKI

Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko kote.

Yule fundi wa kwanza aliinua gari la mjomba upande mmoja wa nyuma kwa jeki, akamwambia kijana wake awashe injini na kutia gea, ili gurudumu lizunguke asikilize. Gari lile lilikuwa na magurudumu matatu mengine chini, nayo yanasukumwa. Kufumba na kufumbua likaruka kutoka kwa jeki na kwenda mbele hatua mbili, likagonga mapipa ya oili. Bahati, sote tulikuwa tumesimama kando. Kama mtu angekuwa amelala chini, leo ningekuwa nikiandika taazia.

Kwa hiyo gari la fowili usiliwashe na kulitia gea huku gurudumu moja ama mawili yameinuliwa. Zungusha kwa mkono. Fanya hivi: simamisha gari mahali pagumu na tambarare, zima injini, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, inua nyuma, na uweke stendi imara chini ya mwili wa gari. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea uhai wako. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kisha weka gea huru na ulegeze hendibreki.

Sasa shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi imelegea ama kuna bushi iliyokufa. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono mmoja, na ule mwingine uweke juu ya springi ya gurudumu lilo hilo, mbali na tairi. Beringi mbovu utaihisi ikitetema mkononi kama unga unaosagwa. Linganisha na upande wa pili. Ila jua kwamba beringi yaweza kulia bila kucheza hata kidogo, kwa hiyo usiiachilie huru kwa sababu tu tairi halikutikisika.

Jambo jingine: gari la fowili likiharibika, lisivutwe huku magurudumu mawili yakiburuzwa chini. Lipakiwe lote juu ya lori, yote manne hewani.

GARI LA MJOMBA LILIKUWA NA NINI?

Turudi kwa mzee. Baada ya maswali yake manne alimwomba mjomba amwendeshe. Mimi nikakaa nyuma, mahali pangu. Kwenye lami, "vuuuu." Kwenye murramu, "vuuuu" ile ile. Mjomba akaachilia mafuta, haikubadilika. Kona ya kulia ikaja, ikavuma mpaka mtungi wa maziwa ukatetemeka. Kona ya kushoto, ikanyamaza karibu kabisa. Mzee akageuka akanitazama bila kusema, kama mwalimu anayengoja jibu. Nikasema, "Ni beringi ya nyuma kushoto." Akasema, "Alama kumi."

Walipoitoa, pete ya ndani ilikuwa imechimbikachimbika kama ukuta wa udongo ulionyeshewa. Maji ya mto tunaovuka yalikuwa yameingia, grisi ikaoshwa. Beringi mpya iligharimu shilingi 3,500. Mzee hakuigonga kwa nyundo. Alimtuma kijana wake akaipachike kwa prisi, akatueleza kwamba beringi inayogongwa nyundo huumia kabla haijatembea kilomita moja.

Mjomba akauliza, "Na ningeendelea hivyo hivyo?" Mzee akamjibu taratibu, "Ingepata joto, ingelegea, gurudumu lingeanza kucheza. Halafu siku moja, kwenye ule mteremko wa kwenda Naivasha, ama lingekwama ama lingekuacha." Mjomba hubeba akina mama wa sokoni kwenye gari hilo, na watoto wao mgongoni. Hakuna aliyesema kitu kwa muda.

MWISHO

Wenzangu, sikuandika haya ili mwache masomo mkawe mafundi, ingawa ufundi si haya. Wala sikuandika ili nimseme fundi yule wa kwanza. Mjomba mwenyewe alikuwa na kosa lake: alisema "kelele" akadhani amesema kitu. Tangu siku hiyo ana daftari dogo garini. Gari likilia huandika: inalia vipi, lini, hubadilika nikifanya nini, ilianza baada ya nini. Akifika gereji humsomea fundi, na fundi anayekataa kusikiliza hawezi kupewa gari.

Ile difu ya zamani ingali nyumbani, nyuma ya ghala, kuku hulala juu yake. Mzee aliifungua siku moja akaikagua. Haikuwa na kosa lolote.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwanza jua ufa uko wapi.